Mto Ukifunga

Sirisia,
14 Septemba 2024

Kwa mkwe wangu Ndung'u, baba Waithera,

Mulembe kwako na kwa wote walio chini ya paa lako. Huku tunaamka, tunalala. Mahindi tumevuna, ila yale ya bondeni yaliozea shambani kwa mvua. Shemeji yako Tonny amepona mguu na amerudi kwenye pikapu yake ya vitunguu. Yeye ndiye atakayekuletea barua hii akija soko la Kitale.

Utashangaa kupata barua zama hizi za simu. Lakini mila yetu ya ukwe unaijua. Mama mkwe na mkwe wake hawashikani mikono wala hawaketi chumba kimoja, na mimi nikisikia sauti yako kwenye simu huona kama umeingia jikoni kwangu bila hodi. Zamani neno lako lilinifikia kwa kinywa cha mwanangu Fridah, na langu likakufikia kwa kinywa chake. Sasa hayupo. Karatasi haina macho, tuitumie hiyo.

Nina jambo. Watu wa chuo kikuu walikuja kuniuliza nani hapa kijijini anaweza kuendelea na kazi ya Fridah. Unaijua kazi yenyewe, lakini sijui kama aliwahi kukueleza alivyonieleza mimi. Huku tunasema mto umefunga ukijaa hadi mtu asivuke wala ng'ombe, na umefunguka maji yakipungua. Yeye aliandika siku mto unapofunga na siku unapofunguka, katika kila kivuko tangu ukingo wa msitu mpaka kwetu. Aliniambia kuna nchi za baridi ambako mto hugeuka barafu, watu wakapita juu yake kama barabara, na huko pia kuna watu kazi yao ni kuandika siku barafu inaposhika na siku inapopasuka. Alicheka sana. Akasema, "Mama, wao mto ukifunga ndipo wanavuka."

Nimewaambia wageni nitaifanya mimi. Waliangaliana. Mmoja akasema, "Mwalimu, hatukuja kukuomba wewe." Nikamjibu, "Najua. Lakini nguzo ya kupimia iko chini ya nyumba yangu, na kila asubuhi huwa pale hata bila kazi."

Neno ulilomtuma Tonny nimelipata. Nitalijibu, si leo. Shule zikifungwa Desemba, niletee Waithera.

Mama mkwe wako,
Sellah Nakhumicha


Kitale,
6 Oktoba 2024

Mama,

Barua yako nimesomea zizini ng'ombe wakikamuliwa. Mimi si mtu wa kalamu, ukiona makosa usiweke alama nyekundu. Sisi ni wazima. Mama yangu bado analalamikia goti. Waithera ameng'oka meno mawili ya mbele na anaongea kama mzee. Ng'ombe mmoja alizaa ndama dume, maziwa yako sawa.

Mama, yale nilimtuma Tonny nayarudia hapa, kwa heshima. Tangu Mei, maji yalipomchukua Fridah asionekane, mimi ni mtu gani? Kanisani siko kwa wenye wake na siko kwa waliofiwa. Watu wakinisalimia wanaangalia chini. Pasta amesema tunaweza kufanya ibada na kuweka msalaba hapa shambani, karibu na ile miti ya avokado alipanda mwenyewe. Naomba ruhusa yako tu. Kwetu mwanamke aliyeolewa analala kwa bwana yake, na nasikia kwenu pia ni hivyo.

Waithera aliniuliza mama atarudi lini. Nikasema hatarudi. Kesho yake akauliza tena, hivyo hivyo, kama hajawahi kuuliza. Mtoto anataka mahali pa kuangalia.

Hiyo kazi ya mto, kama ungeniuliza ningekataa. Jina la huo mto halitajwi kwangu. Nilimwambia Fridah mara nyingi, hiyo si kazi ya mtu aliye na mtoto, na akaenda kuvuka maji ambayo hata ng'ombe anaogopa. Lakini wewe ni mama, siwezi kukukataza.

Mambo ya Desemba tutaona.

Ndung'u


Sirisia,
24 Novemba 2024

Baba Waithera,

Mulembe. Pole kwa mama yako na goti lake, asikae kwenye saruji baridi. Hapa tuna mafua nyumba nzima. Jirani yangu Everlyne amefiwa na kaka yake, tumekuwa matangani.

Mto umefunga. Jumatatu jioni maji yalikuwa ya magoti. Jumanne asubuhi yalikuwa rangi ya chai ya maziwa, yamebeba magogo na mbuzi aliyekufa. Niliandika tarehe, nikarudi nyumbani, nikamkuta Dancan ameketi mlangoni.

Dancan ndiye kijana wa bodaboda aliyembeba Fridah siku ile. Tangu Mei alikuwa akiniona njiani anageuza pikipiki. Nilimpa chai, hakuinywa. Akasema, "Mwalimu, watu wanasema alikuwa anavuka. Hakuwa anavuka."

Alinieleza hivi. Walifika kivukoni wakakuta mto umefunga. Fridah aliangalia nguzo, akaandika, akawa tayari kuondoka. Ng'ambo ya pili akatokea mwanamke amebeba mtoto mgongoni, ameshika viatu mkononi. Fridah akaita, "Mama, rudi, mto umefunga." Maji yalikuwa yananguruma, yule mwanamke hakusikia. Akatega sikio, akashuka hatua moja majini ili asikie. Fridah akashuka upande wake, akasogea ukingoni kabisa, akaita tena, akipunga mikono. Mwanamke akaelewa, akarudi nyuma. Hapo ukingo ukakatika chini ya mwanangu. Dancan anasema hakupiga ukelele. Ardhi ilikuwepo, kisha haikuwepo.

Nimekuandikia haya kwa sababu uliandika kwamba alikwenda kuvuka.

Sasa jibu lako. Wazee wa ukoo wetu nao walikuja. Walisema aliyepotea majini asipoonekana hufukiwa shina la mgomba mahali pake, watu wakanyoa, wakala, yakaisha. Nikawaambia nilizaa mtu, sikuzaa mgomba. Walikunywa chai yao wakaenda. Msalaba juu ya udongo mtupu ni mgomba uleule. Januari mto utafunguka, maji yatakuwa machache. Nipe mpaka wakati huo.

Namngoja mtoto.

Sellah Nakhumicha


Kitale,
20 Januari 2025

Mama,

Heri ya mwaka mpya, ingawa umeanza kuzeeka. Nimechelewa kujibu. Kwanza ilikuwa Krismasi, halafu Waithera akashikwa na kifua, ndiyo maana hakuja. Sasa amerudi shule. Mama yangu anatembea na fimbo. Nimepata mtu wa kutusaidia kazi za nyumbani, mtoto anakula vizuri.

Hiyo barua ya Dancan nimeisoma sana. Mama, nilikuwa nimemkasirikia. Miezi yote hiyo nikilala naongea naye, namuuliza kwa nini alivuka, kwa nini hakufikiria mtoto. Na kumbe hakuvuka. Sasa sijui hasira niipeleke wapi. Huyo mwanamke wa ng'ambo anajua? Alishawahi kuja kwako hata kusema pole? Usinijibu kama ni uchungu.

Nilingoja kama ulivyosema. Januari ndiyo hii. Mto umefunguka? Kuna chochote?

Ndung'u


Sirisia,
9 Februari 2025

Baba Waithera,

Mulembe. Jua limekuwa kali, migomba imenyauka, tunachota maji kisimani kwa zamu. Everlyne anawasalimu.

Mto umefunguka. Watu wanavuka wameshika ndala mkononi. Watoto wa shule wanaruka juu ya mawe ambayo mwezi Mei hakuna aliyejua kama yapo.

Yule mwanamke alikuja. Analeta mboga kila anapopita kwenda sokoni, anaziweka kwenye ngazi na kuondoka. Sijawahi kumkaribisha ndani. Mboga nazipika.

Tonny alinionyesha picha ya Waithera kwenye simu. Amekua. Nywele zimesukwa vizuri, mistari inakwenda kando kisha inarudi juu. Sisi huku hatusuki hivyo.

Ni hayo tu kwa leo.

Sellah Nakhumicha


Kitale,
16 Machi 2025

Mama Sellah,

Salamu nitaleta siku nyingine.

Jumatano nilikuwa Kiminini kuchukua chakula cha ng'ombe, nikaona pikapu ya Tonny nje ya hoteli. Nikaingia, nikamnunulia chai na mandazi. Tukaongea mambo ya mvua. Nikamuuliza, "Na huko nyumbani, mama ametulia?" Akasema, "Tangu mazishi amelala vizuri kidogo."

Nikamuuliza mazishi ya nani. Aliweka kikombe chini. Mama, ndugu ya mke wangu aliniangalia kwa huruma, mbele ya watu wa hoteli. Akasema, "Shemeji, si nilidhani amekuandikia."

Kwa hivyo najua. Najua vijana wa kuchota mchanga walimpata mwezi wa kwanza chini ya kivuko. Najua polisi walikuja, na daktari akachukua mate yako yakapelekwa kupimwa, na majibu yakarudi kwamba ni yeye. Najua ulimzika Sirisia tarehe moja mwezi huu, na watu waliokuwepo ni wachache kuliko wa ubatizo. Mimi siku hiyo nilikuwa napaka chokaa zizi.

Nilikuuliza kama kuna chochote. Ukaniandikia habari ya mawe na nywele.

Ni mke wangu. Mahari tulitoa, harusi tulifunga kanisani, wewe ulikuwa umevaa nguo ya buluu. Umemzika kama msichana ambaye hakuolewa. Nitakuja kumchukua. Nimeongea na pasta na wazee wa kwetu, wanasema haki ni yangu.

Ndung'u


Sirisia,
30 Machi 2025

Kwa mkwe wangu Ndung'u,

Mulembe. Mimi salamu nitazileta leo, kwa sababu sijui kama kutakuwa na siku nyingine. Msalimu mama yako. Msalimu Waithera.

Msalimu na Wacuka.

Tonny alipokuletea barua ya Februari alimkuta akianika nguo, tumbo limemtangulia. Alimkaribisha vizuri, akamwambia jina lake. Sikuhesabu miezi. Mwanamume mwenye mtoto mdogo na ng'ombe wa kukamua hawezi kukaa peke yake, na mama yake ana goti. Sikulaumu na sitakulaumu. Lakini ulipoomba ruhusa ya msalaba uliniambia ni kwa ajili ya kanisa na kwa ajili ya mtoto. Kuna mwingine ambaye pia ilikuwa kwa ajili yake, naye hukumtaja.

Uliniuliza kama kuna chochote. Siku ile kilikuwa kitu kwenye gunia la polisi, hakikuwa mtu. Nilingoja majibu yampe jina. Yalipompa, niliona jinsi itakavyokuwa. Utakuja na gari, na jeneza, na haki yako, umpeleke Kitale, alale kati ya miti yake na jiko la mwanamke mwingine, na kila asubuhi Wacuka akimwaga maji machafu amwagie upande ule. Si kwa ubaya. Mtu humwaga maji mahali palipo karibu. Na mimi nibaki na nguzo mtoni.

Nilimzika juu, kwenye mwinuko nyuma ya nyumba, ambako maji hayajawahi kufika. Nilichagua mwenyewe. Wazee walikataa kuja, wakasema binti aliyeolewa hazikwi kwao. Everlyne, Tonny na Dancan walichimba na kufukia. Yule mwanamke wa mboga alikuja, amembeba mtoto wake. Siku hiyo nilimkaribisha ndani.

Haki ni yako. Sisemi si yako. Ukija na watu wa kufukua, sitakuzuia. Mama mkwe hasimami mbele ya mkwe wake. Nitaingia nyumbani nifunge mlango, nanyi mtafanya mlilokuja kufanya.

Sellah Nakhumicha


Kitale,
27 Aprili 2025

Mama,

Nimekaa na hii karatasi siku nyingi. Sisi ni wazima. Wacuka pia ni mzima, anakusalimu, ingawa anaogopa kukusalimu.

Ulituona. Najua ulituona, lakini niandike, maana hatuna njia nyingine.

Jumamosi ya Pasaka nilimwamsha Waithera tukaja. Sikuja na gari la jeneza wala watu. Nilikuja na mtoto na blanketi ya kahawia niliyokununulia, na sikuwa nimeamua kitu. Mvua ilitupata njiani. Dancan akatutoa Sirisia mpaka kivukoni, na pale akazima pikipiki. Akasema, "Mzee, umefunga."

Mimi nilikuwa sijawahi kuona. Fridah aliniambia mara nyingi, na nilikuwa nasikiliza nikisoma gazeti. Yale maji hayakuwa yanapita, yalikuwa yanakimbiza kitu. Nikaona ng'ambo mtu amesimama na mwavuli mweusi, anaangalia nguzo, anaandika. Nikajua ni wewe.

Waithera akakuita wewe nyanya yake, "Kukhu." Ukainua kichwa. Nikaona unataka kukimbia kuja chini, na mimi nikaona ule ukingo, na nikasahau mila yote. Nikapunga mikono miwili, nikapiga kelele urudi nyuma. Najua hukusikia hata neno. Lakini ulisimama. Ukarudi nyuma hatua moja, mbili. Halafu ukanigeuzia mgongo, kama inavyotakiwa, ukakaa hivyo kwenye mvua mpaka sisi tukaondoka.

Waithera aliniuliza kwa nini kukhu amekasirika. Nikamwambia hajakasirika, hiyo ndiyo heshima. Akasema ni heshima mbaya.

Mama, sitamfukua. Nilipokuwa nikipunga mikono pale ukingoni nilijua alivyosimama siku ile, na alichokuwa anafikiria, na hakikuwa mimi wala Waithera wala wewe. Alikuwa anamfikiria mtu aliye mbele yake. Nimekaa naye miaka minane na hilo nimelijua kwa kusimama kwenye matope. Wazee wa kwetu wamekasirika. Watakasirika, watachoka. Alale hapo ulipomweka.

Agosti, mto ukiruhusu, tutajaribu tena.

Ndung'u


Sirisia,
31 Agosti 2025

Baba Waithera,

Mulembe kwako, kwa mama yako, kwa Wacuka na kwa mtoto mchanga. Tonny anasema ni mvulana na analia kwa sauti nene. Akue. Nimemtumia shuka nililoshona, si kubwa.

Waithera anarudi kesho na Tonny. Nimemfungia ndizi na mahindi ya kuchoma aliyoyataka, yatakuwa yamepoa lakini amekataa kuyaacha. Amekaa vizuri. Amejifunza kupiga magoti kwa wakubwa, akifika kwako atasahau.

Siku ulipomleta, nilikuwa ndani, mlango umefungwa, kama ilivyo desturi. Everlyne alikuonyesha njia ya kwenda nyuma. Dirisha la chumba changu linatazama huko, na nilikuwa nimeteremsha pazia. Sikuchungulia. Lakini pazia halizuii sauti. Ulizungumza na Fridah kwa Kikuyu, muda mrefu. Sielewi lugha yenu. Mara moja ulicheka kidogo, kisha nikasikia kile ambacho mama mkwe hapaswi kukisikia kwa mkwe wake. Nilikaa kitandani nikashika magoti yangu. Ulipoondoka nilitoka nikakuta umeng'oa magugu upande wote wa kichwani. Asante.

Kuna jambo la mtoto nalo ni lazima ulijue, kwa sababu litakuja kwako pia.

Juzi tulikuwa kaburini. Akauliza, "Mama yuko hapa kweli, au ni kama ule msalaba ambao Baba alitaka kuweka?" Nikamwambia yuko hapa kweli. Aliweka mkono kwenye udongo. Hakulia. Nikashukuru, nikafikiri yameisha.

Tukiwa jikoni akasema, "Kukhu, uso wake nakumbuka, tuko na picha. Lakini sauti siikumbuki. Wewe unaikumbuka?"

Nikasema ndiyo.

Akasema, "Basi ongea kama yeye. Sema tu 'Waithera, njoo ule.' "

Baba Waithera, nimesimama mbele ya madarasa miaka thelathini. Nimesoma hadithi nikawa fisi, nikawa mfalme, nikawa mtoto anayelia. Niliweka mwiko chini, nikajikohoza, nikajaribu. Mtoto alikuwa amefumba macho ili asikie vizuri.

Haikufanana. Alifumbua macho, akaniangalia, akasema kwa upole, kama mtu mzima, "Si hivyo, lakini asante." Kisha akala.

Ukipata nafasi, jaribu wewe. Wewe ndiye uliyeishi naye siku za mwisho. Labda imebaki kwako.

Sellah Nakhumicha